Magenge ya Mifugo na Ukoo wa Talai: Uhalifu na Sheria katika Nchi ya Kericho, 1905–1934

Historia ya uhalifu wa magenge katika karne ya ishirini husimuliwa mara nyingi kwa kuanzia Chicago na New York, ambako marufuku ya pombe iliyoanza kutekelezwa tarehe 17 Januari 1920 iliyageuza magenge ya mitaani kuwa biashara kubwa zenye maghala, malori, wahasibu na polisi wa kuhongwa. Katika miaka hiyohiyo, kwenye nyanda za juu za magharibi ya Kenya, katika nchi ambayo leo imegawanyika kati ya kaunti za Kericho na Bomet, serikali ya kikoloni iliamini kwamba nayo inapambana na mtandao wa wahalifu wenye wakuu wao, siri zao na mgawo wao wa mapato. Bidhaa ya mtandao huo ilikuwa ng'ombe. Wakuu wake, kwa maelezo ya maofisa wa wilaya na ya walowezi, walikuwa wazee wa ukoo wa Talai, na mwaka 1934 ilitungwa sheria maalumu ya kuung'oa ukoo huo mzima, pamoja na wanawake na watoto wake, kutoka katika nchi ya Wakipsigis. Jambo linalofaa kuchunguzwa hapa ni namna wizi uliokuwa na sababu nyingi na mikono mingi ulivyopatiwa kichwa kimoja, na jinsi sheria ilivyotumika kukikata kichwa hicho pale ushahidi wa kawaida ulipokosekana.

Boito, ambayo sasa ni wadi ya eneo bunge la Konoin katika Kaunti ya Bomet na ambayo mgeni huitambua kwa michai inayofunika vilima vyake, ilikuwa wakati huo ndani ya hifadhi ya Wakipsigis, yaani eneo ambalo serikali ililitengea kabila hilo na kulikataza kuvuka mipaka yake bila kibali. Waingereza waliwaita Wakipsigis Walumbwa, na jina hilo ndilo linalojaza mafaili ya enzi hizo. Upande wa mashariki wa Boito ulikuwa msitu wa Mau; upande wa kaskazini, kuelekea Kericho, ardhi ilikuwa ikipimwa na kugawiwa Wazungu; upande wa magharibi yalikuwa mashamba ya walowezi wa Sotik; na kusini, ng'ambo ya msitu wa Chepalungu, ilianza nchi ya Wamaasai. Mpangilio huo wa mipaka haukuwa wa bahati. Mwaka 1905 jeshi la Waingereza lilitumwa Sotik kuwaadhibu Wakipsigis waliokuwa wamewavamia Wamaasai na kukataa kuwarudisha watu na mifugo waliowachukua, na katika operesheni hiyo watu wengi waliuawa na maelfu ya ng'ombe yakatwaliwa. Muda mfupi baadaye, ukanda wa ardhi kati ya Wakipsigis na Wagusii ulipewa walowezi, na moja ya sababu zilizotolewa ni kwamba mashamba ya Wazungu yangekuwa kizuizi kati ya makabila yaliyozoea kunyang'anyana mifugo. Kizuizi hicho kilikuwa chenyewe kimejaa mifugo, na kwa kijana wa Kipsigis aliyekuwa akitafuta ng'ombe wa mahari hakuna zizi lililokuwa karibu zaidi.

Kabla ya ukoloni, uvamizi wa mifugo ulikuwa na taratibu zake. Vijana waliotahiriwa pamoja waliingia katika rika moja, liitwalo ipinda, na waliotoka sehemu moja walikusanyika katika kikosi cha vita kilichoitwa puriet. Kikosi kilikwenda kuvamia nchi ya jirani mchana au alfajiri, kwa sifa na kwa hatari, na kilichopatikana kiligawanywa hadharani. Ng'ombe wa Mmaasai au wa Mgusii hakuhesabiwa kuwa ameibwa, ilhali aliyemwibia Mkipsigis mwenzake alihukumiwa na wazee wa kokwet, yaani baraza la ujirani, na aliweza kulaaniwa yeye na kizazi chake. Baada ya 1905 uvamizi wa wazi ulikoma, kwa sababu bunduki ziliufanya kuwa wazimu, na mahali pake pakachukuliwa na wizi wa usiku wa watu wachache. Hapo ndipo tofauti kubwa ilipozaliwa: kazi iliyokuwa ya kikosi kizima, yenye baraka za jamii na macho ya wote, ikawa kazi ya kundi la watu wanne au watano wenye mshirika ndani ya shamba, njia ya msituni na mnunuzi upande wa pili.

Mshirika wa ndani alipatikana kwa urahisi, kwa kuwa mashamba ya walowezi yaliendeshwa kwa maskwota, ambao ni wafanyakazi waliopewa ruhusa ya kukaa na kulisha mifugo yao shambani kwa sharti la kumfanyia mwenye shamba kazi kwa idadi fulani ya siku kila mwaka. Skwota aliyechunga ng'ombe wa Mzungu alijua ni usiku gani bwana yuko klabuni, ni mbwa gani mkali, na ni ndama gani hajapigwa chapa. Ng'ombe walitolewa zizini baada ya usiku wa manane, wakaswagwa kwa haraka kwenye vijito ili maji yafute nyayo, na kulipopambazuka walikuwa wamefichwa kichakani. Alama za masikio, ambazo kila ukoo ulizikata kwa namna yake, zilikatwa upya, na chapa ya moto iliunguzwa tena juu ya ile ya zamani hadi isisomeke. Ng'ombe aliyekuwa na rangi ya kukumbukwa kwa urahisi alichinjwa na kuliwa, ambapo wa rangi za kawaida walitawanywa.

Katika kutawanya huko ndiko polisi waliposhindwa kabisa. Wakipsigis walikuwa na desturi ya kimanagan, ambayo ni kukopeshana mifugo: mwenye ng'ombe wengi huwaweka baadhi kwa rafiki au jamaa anayeishi mbali, rafiki hunufaika na maziwa na baadaye huweza kuzawadiwa mtamba, naye mwenye mali hubaki na umiliki wa ng'ombe na uzao wake. Desturi hiyo ilikuwa kinga dhidi ya ukame na maradhi, kwa sababu tauni ikiingia boma moja haikumaliza mali yote. Kwa mwizi, hata hivyo, ilikuwa ghala lisilo na mlango. Ng'ombe mmoja alipelekwa Buret, mwingine Belgut, wa tatu akaingia katika kundi la mtu ambaye kwa kweli hakujua alikotoka, na askari aliyefika bomani alikuta mifugo ya watu sita katika zizi la mtu mmoja, jambo ambalo lilikuwa la kawaida kabisa hata pasipo na wizi. Mtandao ambao maofisa walidhani umeundwa na wahalifu ulikuwa umekuwepo vizazi kadhaa kabla ya uhalifu wenyewe.

Sheria za serikali zilijaribu kuuvunja mtandao huo kwa kuwabana watu wote waliokuwa ndani yake. Sheria ya adhabu ya pamoja ya mwaka 1909 iliruhusu kijiji au sehemu ya kabila kutozwa faini kwa kosa la mtu asiyejulikana, na sheria ya wizi wa mifugo na mazao ya mwaka 1913 iliongeza faini ya mara kumi ya thamani ya kilichoibwa, ambayo jamaa wa mkosaji waliweza kulazimishwa kuilipa iwapo yeye mwenyewe hakuwa nacho. Nyayo zilifuatwa hadi zilipopotelea, na wakazi wa mahali zilipopotelea walitakiwa ama kuonyesha zilikoendelea ama kulipa. Faini zililipwa kwa ng'ombe. Kwa hiyo mzee aliyepoteza ng'ombe wanne kwa wizi alioufanya kijana wa bonde jingine alikuwa na sababu mpya ya kutaka ng'ombe, na haikuwa na maana kwake tena kumtaja mwizi, kwa kuwa adhabu imekwisha kumfika.

Kulikuwa na sababu nyingine iliyofanya biashara ya usiku inenepe, nayo husahauliwa kwa wepesi na wale wanaosoma ripoti za polisi peke yake. Kwa miaka mingi hifadhi za Waafrika ziliwekwa chini ya karantini, yaani marufuku ya kuhamisha mifugo kwa hofu ya sotoka na homa ya mapafu ya ng'ombe, na walowezi waliopata faida kwa kukosa ushindani hawakuwa na haraka ya kuona marufuku hiyo ikiondolewa. Mkipsigis aliyetaka kumuuza fahali wake halali kwa Mgusii ili apate wimbi, au kumbadilisha na Mmaasai kwa mitamba kama walivyofanya babu zake, alikuwa mvunja sheria sawa na mwizi, akatumia njia zilezile za msituni na wapatanishi walewale. Biashara halali na wizi vilipolazimishwa kupita njia moja, haikuwezekana tena kuvitenganisha, na mfanyabiashara mwaminifu akajikuta akimhitaji mtu anayejua zamu za askari. Marekani ilipitia jambo lenye umbo hilohilo: sheria ya Volstead ya Oktoba 1919, iliyoweka taratibu za kutekeleza marufuku ya pombe, haikuondoa kiu ya mtu yeyote, bali iliihamisha biashara yote ya bia na wiski kutoka kwa wenye viwanda na kuitia mikononi mwa watu waliokuwa tayari kuilinda kwa bastola.

Kodi iliongeza uzito. Kodi ya nyumba na ya kichwa ilikuwa shilingi 12 kwa mwaka tangu 1922, na Mkipsigis wa miaka hiyo alipendelea kuilipa kwa kuuza mnyama kuliko kwa kwenda kuchuma majani. Chai ilikuwa ndiyo kwanza inaingia. Mpango wa kuwapa maofisa wa jeshi waliolemaa vitani ekari 25,000 karibu na Kericho ili walime kitani ulikuwa umeporomoka pamoja na bei ya zao hilo mwanzoni mwa miaka ya 1920, na kuanzia 1924 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaanza kununua ardhi na kupanda chai kwa wingi, zikitegemea kwa kiasi kikubwa vibarua kutoka kwa Wagusii na Wajaluo. Nzige walivamia mwishoni mwa muongo huo, kisha mdororo wa uchumi wa dunia ukashusha bei za kila kitu, na malalamiko ya walowezi wa Sotik na Lumbwa kuhusu mifugo yao yakapanda.

Ni katika hali hiyo kwamba macho ya serikali yaliwageukia Talai. Ukoo huo ulitoka kwa kabila la Wanandi, ambako mkuu wake alikuwa orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho mwenye uwezo wa kutabiri, kubariki vita na kulaani, ambaye vikosi havikutoka kwenda kuvamia bila ruhusa yake. Kimnyole arap Turukat, orkoiyot wa Wanandi, aliuawa na watu wake mwenyewe mwaka 1890 baada ya kulaumiwa kwa maafa yaliyowapata, na baadhi ya wanawe wakakimbilia kwa Wakipsigis, miongoni mwao Kipchomber arap Koilegen. Ndugu yao aliyebaki kwa Wanandi, Koitalel arap Samoei, aliongoza upinzani dhidi ya reli na Waingereza hadi alipopigwa risasi na Kapteni Richard Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905, katika mkutano ulioitwa kwa jina la amani. Wakipsigis, ambao karibu na wakati wa kifo cha Kimnyole walikuwa wamepoteza vijana wengi sana katika vita na Wagusii, waliwapokea wakimbizi hao kwa heshima iliyochanganyika na woga, na kwa muda mfupi Kipchomber akawa mtu ambaye hakuna jambo kubwa lililofanyika bila kujulikana kwake. Mwaka 1914 serikali ilimhamishia Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a, na wenzake wakapelekwa Nyeri. Kipchomber alifia uhamishoni.

Maofisa walitumia neno la Kimaasai, laiboni, kuwataja wakuu hao wote, na waliandika habari zao kwa namna inayomkumbusha msomaji wa leo taarifa za polisi wa Chicago. Iliaminika kwamba wezi walikwenda kwa mzee wa Talai kabla ya safari ili wapewe dawa ya kuwalaza mbwa na kuwapumbaza wachungaji, kwamba waliporudi walimpelekea sehemu ya ng'ombe, na kwamba aliyethubutu kutoa ushahidi alitishwa kwa laana. Katika madai hayo kulikuwa na ukweli ambao hauna haja ya kufichwa: orkoiyot alipewa fungu la mateka tangu zamani, watu walimwogopa, na wazee kadhaa wa ukoo huo walitajirika kwa namna ambayo majirani wao hawakuipenda. Hata hivyo, kupokea zawadi kutoka kwa mtu aliyefanikiwa si sawa na kumtuma. Ukoo usio na orodha ya wanachama wa genge, usio na hazina ya pamoja, na ambao wazee wake walishindana wao kwa wao kwa wateja, haukufanana sana na kampuni ya uhalifu ambayo maofisa waliichora. Ikumbukwe pia kwamba machifu, waliowekwa na serikali na kulipwa mshahara nayo, walikuwa na kila sababu ya kutaka kuondolewa kwa mamlaka pekee katika hifadhi ambayo haikutegemea kalamu ya mkuu wa wilaya. Kwa Wanandi serikali ilikuwa imekwisha kuonyesha hofu yake mwaka 1923, ilipomkamata Barserion arap Manyei, mwana wa Koitalel, kabla ya sherehe ya kukabidhiana madaraka ya rika kufanyika, kwa dhana kwamba sherehe hiyo ingekuwa mwanzo wa maasi.

Tatizo la serikali lilikuwa la kimahakama. Ili mzee wa Talai afungwe kwa wizi ilipasa apatikane shahidi aliyemwona akiagiza au akipokea mali akijua ni ya wizi, na shahidi huyo hakupatikana. Waendesha mashtaka wa Marekani walikuwa wamekwama mahali pagumu kama hapo. Al Capone, aliyeshika uongozi wa genge la Johnny Torrio baada ya Torrio kupigwa risasi Januari 1925, alijulikana na kila mtu kuwa mkuu wa biashara ya pombe haramu ya Chicago, lakini hakuna aliyesimama mahakamani kumhusisha na mauaji, hata baada ya watu saba kupigwa risasi ndani ya gereji moja ya jiji hilo tarehe 14 Februari 1929. Njia iliyomnasa ilifunguliwa na hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1927, iliyoamua kwamba mapato ya biashara haramu nayo hulipiwa kodi. Daftari la hesabu lililokamatwa katika nyumba ya kamari ya mji wa Cicero lilisomwa mahakamani, mtunza hesabu akatoa ushahidi, na Oktoba 1931 baraza la wazee wa mahakama likamtia Capone hatiani kwa kukwepa kodi, akahukumiwa kifungo cha miaka 11.

Mfanano wa kesi hizo mbili unaishia hapo, na tofauti ndiyo yenye uzito. Capone alishtakiwa yeye kwa jina lake, kwa kosa lililokuwa tayari ndani ya sheria, mbele ya watu 12 na akiwa na mawakili. Katika Kenya ya Gavana Joseph Byrne serikali haikutafuta kosa jingine la kumshtakia mtu fulani. Ilitunga sheria mpya, Sheria ya Kuwahamisha Malaiboni ya mwaka 1934, ambayo chini yake ilitosha mtu kuwa wa ukoo huo ili aweze kuondolewa. Hapakuwa na haja ya kuthibitisha wizi wa ng'ombe hata mmoja. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo alikuwa chini ya sheria hiyo sawa na babu yake. Itakumbukwa kwamba mwaka huohuo Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoongozwa na Morris Carter, ilitoa ripoti yake baada ya kusikiliza madai ya makabila juu ya ardhi iliyochukuliwa na walowezi. Si lazima kudai kwamba mambo hayo mawili yalipangwa pamoja ili kuona kwamba kuondolewa kwa watu wenye ushawishi mkubwa kuliko wote katika hifadhi hakukuwadhuru waliokuwa wakimiliki mashamba.

Kati ya 1934 na 1937 watu wapatao 700 walipelekwa Gwassi, kwenye mwambao wa Ziwa Victoria katika wilaya ya Kavirondo Kusini ya wakati huo. Kwa watu waliozoea baridi na ukungu wa nyanda za juu, Gwassi ilikuwa nchi ya joto, malaria na mbung'o, na ng'ombe waliokwenda nao hawakudumu. Walizungukwa na watu ambao lugha yao hawakuielewa, na safari zao zilihitaji kibali. Agosti 1934 Capone alihamishiwa gereza la kisiwani la Alcatraz. Alitoka kifungoni Novemba 1939, akiwa mgonjwa, akafa Florida mwaka 1947. Talai walikaa Gwassi hadi 1962.

Waliporudi walikuta chai imefika hadi milangoni pa makaburi ya wazee wao. Katika Boito na maeneo ya jirani, michai ya wakulima wadogo ilianza kupandwa katika miaka iliyofuata uhuru, na ardhi ambayo zamani ilipimwa kwa idadi ya mifugo iliyoweza kulishwa juu yake ikaanza kupimwa kwa kilo za majani mabichi. Wizi wa ng'ombe haukuisha, ila ulihamia zaidi kwenye mpaka wa kusini, kuelekea Trans Mara. Familia nyingi za Talai hazikupata ardhi ya kurudia na zikawekwa kwenye vipande vidogo karibu na mji wa Kericho, mahali ambapo vizazi vyao viko hadi leo. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi iliyakubali madai ya Wakipsigis na ya Talai kuwa dhuluma ya kihistoria, na Agosti 2022 wawakilishi wao waliwasilisha malalamiko dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mjini Strasbourg, wakitaka kuombwa radhi na kulipwa fidia kwa ardhi na kwa miaka ya Gwassi.